Fundi Hujua pa Kubakiza

Pua ya mchungaji ilikuwa kubwa kupita kiasi. Mchungaji mwenyewe hakuzidi urefu wa kiganja, na alikuwa bado nusu mtu, nusu gogo: miguu imo ndani ya mti, mikono ni vinundu viwili, kofia ni pembe iliyokatwa mshazari. Lakini pua ilikwisha kutokeza, nene kama ya zimwi. Nilimuuliza fundi kwa nini. Hakuacha kuchonga. "Pua huanza kubwa, jicho huanza dogo," alisema. "Pua utaipunguza kesho, na jicho utalipanua kesho. Ukianza kinyume, kesho hakuna."

Nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda chake katika soko la Krismasi la St. Wolfgang, nchini Austria, wiki ya pili ya Majilio. Nilikusudia kupita tu. Boti ya kwenda ng'ambo ilikuwa iondoke baada ya nusu saa, nami nilitaka kuyaona masoko yote matatu kabla ya usiku. Boti iliondoka bila mimi, na ile iliyofuata pia. Kesho yake asubuhi nilirudi palepale.

Ziwa lenyewe huitwa Wolfgangsee. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 10, jembamba, limebanwa na milima pande zote, na kina chake kinapita mita 110. Miji midogo mitatu imelizunguka: St. Gilgen upande wa magharibi, Strobl upande wa mashariki, na St. Wolfgang iliyojishikiza kwenye ukingo wa kaskazini, pale mlima Schafberg unapoteremka hadi majini. Kila mmoja una soko lake la Majilio, na boti huwapeleka watu huku na huko. Katikati ya Desemba, ikifika saa kumi na robo alasiri jua limeshazama. Hapo taa za vibanda huwashwa, taa kubwa kama mnara inayoelea ziwani huanza kumulika maji, na masufuria ya divai nyekundu hutoa mvuke wa mdalasini, ganda la chungwa na karafuu. Mtu wa Unguja angeijua harufu hiyo akiwa amefumba macho.

Katika vibanda kuna mishumaa ya nta ya nyuki, viatu vya sufu iliyokandwa, mikate ya asali na tangawizi, na nyota za mabua. Vyote vizuri. Ila kilichonisimamisha ni sanamu za pango la Noeli: Mariamu, Yosefu, mtoto, Mamajusi, wachungaji, ng'ombe, punda na kondoo. Mkatoliki yeyote wa kwetu ameshaliona pango, mara nyingi lenye sanamu za plasta, zimetolewa kabatini tarehe 24 na kurudishwa Januari. Mimi pia nilikua nazo. Sikuwahi kujiuliza zinatoka wapi. Huku, kwa mara ya kwanza, nilimwona mtu akimtoa mchungaji ndani ya mti.

Mti huo wanauita Linde. Hauna jina kwetu kwa sababu haumei kwetu, basi niuite mlinde. Ni mti wa majani mapana yenye umbo la moyo, na mbao zake ni nyeupe zinazoelekea rangi ya maziwa yaliyochemka. Sifa yake kubwa kwa mchongaji ni kwamba nyuzi zake zimelingana. Mbao nyingi zina mistari migumu na mistari laini inayopishana, na patasi ikitoka mstari mmoja kuingia mwingine huruka au huzama. Mlinde hauna hila hiyo. Unakatika karibu sawa ukiuelekea kwa mbele, kwa ubavu au kwa mshazari. Ndiyo maana kwa karne nyingi makanisa ya nchi zinazosema Kijerumani yamejaa watakatifu wa mlinde. Wapo pia wanaotumia msonobari wa milima ya juu, ule wanaouita Zirbe, wenye vifundo vyekundu na harufu inayodumu ndani ya nyumba miaka na miaka. Fundi wangu alikuwa na vipande vyake pembeni kwa ajili ya wanyama. Kwa nyuso alitaka mlinde tu.

Na alitaka mlinde uliosubiri. Mti hukatwa wakati wa baridi, maji yake yakiwa machache, ili usishikwe na ukungu wala wadudu. Wazee wa milimani huangalia hata mwezi kabla ya kushika shoka, kama wavuvi wetu wanavyoangalia bamvua. Kisha gogo hupasuliwa mbao, mbao hupangwa kivulini na vijiti katikati ili upepo upite, na hapo huachwa. Hesabu ya kawaida ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Kipande cha mchungaji yule kilikuwa na unene wa kama sentimita 7. Fundi aliniambia kuwa mti wenyewe aliukata pamoja na babaye, na kwamba babaye ameshafariki. Alilisema hilo kwa utulivu, akikigeuzageuza kipande mkononi. Mbao za baba bado zipo darini, alisema, na yeye pia anakata za kwake sasa, ambazo pengine atazitumia mwingine.

Mezani mwake nilihesabu bobari na patasi 42. Kwa mbali zote zinafanana. Ukiinama, hakuna mbili zilizo sawa. Moja ina makali bapa, nyingine imepinda kidogo sana, nyingine zaidi, hadi ile iliyojikunja kama ukucha. Nyingine ni pana kama kidole gumba, nyingine nyembamba kama njiti ya kiberiti. Nyingine ina makali ya pembe, ya kuchorea nywele na mikunjo ya nguo. Mipini yake imepangwa ikimwelekea, makali yakitazama nje, na kila mmoja una umbo lake: huu wa pembe sita, huu wa mviringo, huu una alama ya moto. Mkono wake uliokota alichokitaka bila jicho kuangalia.

Kila baada ya dakika chache aliupitisha ubapa wa bobari juu ya ukanda wa ngozi, mara tano au sita, akivuta kwa nyuma. Mara moja moja alishika kinoo. Nilidhani mti laini ni rahisi kuchonga, naye akanionyesha kwa vitendo. Alichukua patasi ambayo makali yake yalikuwa yamechoka kidogo, akaikata pembe ya kipande kisicho na kazi. Mti mgumu huikataa patasi butu, na fundi hujua mara moja. Mti laini huikubali, lakini nyuzi zinapondeka badala ya kukatika, na mahali hapo hubaki pamechakaa kama kitambaa kilichochanwa kwa mkono. Kisha akapitisha bobari iliyonolewa kando ya mkato ule. Mkato wa pili uling'aa kama umepakwa mafuta. Hakuwa amepaka kitu.

Ndipo nikaanza kuiangalia mikono yake badala ya mchungaji. Wahenga walisema mchonga mwiko hukimbiza mkonowe, nami nimekuwa nikiisikia methali hiyo tangu utotoni kama onyo la kujihadhari. Pale kibandani niliiona ikiwa kanuni ya kazi. Mkono wa kulia ulisukuma mpini. Mkono wa kushoto ulikuwa umelishika bapa la chuma karibu kabisa na makali, kiganja kimelala juu ya mti, nao ulikuwa unarudisha. Mmoja unapeleka, mwingine unazuia, na makali huenda pale tu ambapo nguvu ya kwanza inaishinda ya pili kwa unywele. Hivyo ndivyo chuma kinachoweza kukata mfupa kinavyotembea milimita mbili kwenye shavu la mchungaji na kusimama.

Wachongaji wa Kimakonde niliokuwa nikiwatazama Mwenge, Dar es Salaam, hukaa chini na gogo katikati ya miguu, tezo ikiruka na vipande vikitawanyika. Mpingo unadai hivyo. Ni mti mzito hata ukiutia majini unazama, na huwezi kuubembeleza. Nilimwambia fundi habari hizo nilipoulizwa ninatoka wapi. Nilipoitaja Tanzania aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Grenadill," alisema.

Ndivyo watengenezaji wa ala za muziki wa Ulaya wanavyouita mpingo. Fundi huyu hupiga klarineti katika bendi ya kijiji chake, na klarineti nzuri hutengenezwa kwa mpingo, mti wa misitu ya Lindi na ya kaskazini mwa Msumbiji. Jioni ile kulikuwa na wapigaji wanne kando ya ukuta wa kanisa, wote na ala za shaba. Nilimuuliza kwa nini yeye hayupo pamoja nao. Alinieleza kwamba katika baridi kama hii pumzi ya moto hutanua mti kwa ndani wakati nje umeganda, na klarineti hupasuka kwa urefu. Kwa hiyo Desemba huiacha nyumbani, chumba cha ndani, mbali na jiko. Aliongea juu ya mti wa kwetu kwa sauti ya mtu anayemtaja mgeni mzee aliyelala nyumbani mwake. Kisha akarudi kwenye pua.

Uso wa mchungaji ulichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani, na maandalizi yake muda mrefu kuliko nilivyodhani. Kwa karibu saa nzima alikuwa akiondoa ujazo: bega hapa, tumbo pale, mkunjo wa joho, pengo kati ya mkono na ubavu. Kila mara alibakiza nyama ya mti mahali ambapo kitu kingekuja baadaye. Mkononi alibakiza kinundu kwa sababu hakuwa ameamua kama mchungaji atashika fimbo au kofia. Kisha akaubana mwili kwenye jiriwa, akachagua bobari ndogo, akavuta pumzi. Mkato mmoja chini ya paji la uso, kushoto. Mwingine kulia. Pale palipokuwa na uvimbe pakawa na kivuli, na kivuli hicho kilikuwa kinatazama. Wa tatu ukaipunguza pua. Mkato wa nne ulipita chini ya pua, wa tano ukaachanisha midomo, wa sita ukawa mdogo hata sikuuona; niliona tu kwamba mdomo, uliokuwa umefumba, sasa ulikuwa karibu kusema neno. Fundi akaweka bobari mezani.

Nilisubiri aendelee. Sikuwa nimeona macho yenyewe, wala kope, wala meno. Aliniambia amemaliza. Mtu anayemtazama mchungaji huyu atakuwa umbali wa hatua mbili, kwa mwanga wa mshumaa, alisema, na macho ya mtazamaji yatafanya sehemu yao ya kazi. Ukimchongea kila kitu, humwachii la kufanya.

Nilimuuliza pia kwa nini hapigi msasa. Alitoa sababu mbili. Chembe za msasa hunasa ndani ya nyuzi, na zikikutana na makali siku ya pili huyaharibu. Sababu nyingine alinionyesha kwa kumgeuza mchungaji mbele ya taa. Kila mkato wa bobari ulikuwa umeacha uso wake mdogo bapa, na kila uso ulishika mwanga kwa namna yake, hata joho likaonekana kuwa na upepo ndani. Msasa ungeyafuta yote hayo yakawa laini kama sabuni. Baadhi ya sanamu zake huzipaka rangi, lakini nyingi huzipaka nta ya nyuki tu. Hata Mamajusi watatu waliokuwa rafuni walikuwa na rangi ya mti mtupu. Katika mapango ya nchi hizi mmoja wao huchongwa Mwafrika, kwa desturi ya karne nyingi, na mara nyingi nimeona rangi nyeusi ikiachiwa peke yake ibebe habari yote. Wa fundi huyu hakuwa na rangi. Alikuwa mzee, mifupa ya mashavu imepanda, makunyanzi pembeni mwa macho ya mtu aliyesafiri akielekea jua. Ningeweza kumsalimu shikamoo.

Kesho yake asubuhi, kabla vibanda havijafunguliwa, niliingia kanisani kwa sababu fundi aliniagiza. "Kawaangalie wafalme walio chini," alisema, "si wakubwa walio juu."

Mji huu umejengwa juu ya kisa cha shoka. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Wolfgang, askofu wa Regensburg katika karne ya 10, alilirusha shoka kutoka mlimani na kuweka nadhiri ya kujenga kanisa pale litakapoangukia. Likaanguka hapa, juu ya mwamba ulio kando ya maji. Basi haishangazi kwamba ndiye msimamizi wa maseremala na wachongaji, wala kwamba mahujaji waliomfuata kwa karne nyingi waliuachia mji mdogo kiasi hiki moja ya altare kubwa za kuchonga za Ulaya. Aliyeitengeneza ni Michael Pacher wa Bruneck, mji ulio upande wa pili wa milima ya Alpi. Mkataba wake na watawa wa Mondsee uliandikwa mwaka 1471, na kazi ilikamilika mwaka 1481. Miaka kumi. Altare ina mbawa mbili mbili kila upande, zilizofungwa na kufunguliwa kufuata kalenda ya Kanisa: siku za kawaida watu waliona maisha ya Mtakatifu Wolfgang, Jumapili maisha ya Kristo, na sikukuu kubwa ndipo mbawa zote zilipofunguka, dhahabu ikatoka, Mariamu akionekana akivishwa taji.

Ni vigumu kuacha kuitazama ile dhahabu. Lakini nilitii, nikashusha macho hadi kwenye kisanduku cha chini kinachobeba altare yote, na hapo nikawakuta: Mamajusi wakimwabudu mtoto, wadogo, mahali ambapo padre angewaona karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Pacher angeweza kutumia nguvu zake zote juu, kwenye macho ya umati. Huku chini nako hakupunguza kitu. Nikaelewa kwamba fundi wa kibandani, anapochonga mfalme wa urefu wa kiganja, hatafuti wazo jipya. Anaendelea na kazi iliyokuwa ikifanywa hapa yeye hajazaliwa, hatua mia mbili tu kutoka mezani pake.

Katikati ya kanisa hilohilo kuna altare nyingine ya kuchonga, ya mwaka 1676, kazi ya Thomas Schwanthaler kutoka Ried. Mitindo ilikuwa imebadilika. Karne mbili baada ya Pacher watu walipenda nguzo zilizojipinda, malaika wanaoruka, nguo zinazopepea, na altare ile ya zamani ilionekana imepitwa na wakati. Inasimuliwa kwamba watawa walitaka kuiondoa ili mpya ikae mahali pake, na kwamba Schwanthaler mwenyewe, ambaye angepata nafasi ya heshima kuliko zote, ndiye aliyewasihi waiache. Kazi yake ikawekwa katikati ya kanisa, na ya Pacher ikabaki mbele. Hata kama kisa hicho kimepambwa na wasimulizi, mpangilio wa kanisa ni huo hadi leo, na kila mtu anaweza kwenda kuuona. Nilikaa kwenye benchi kati ya mafundi hao wawili. Nilikumbuka bobari ikiwekwa mezani kabla ya jicho kuchongwa. Ni mkono uleule: unajua kukata, na unajua pa kubakiza.

Habari ya pango kuingia majumbani nayo ni habari ya kilichobakizwa. Mara nyingi mwanzo wake hutajwa kuwa Greccio, Italia, mwaka 1223, Mtakatifu Fransisko alipoandaa hori, ng'ombe na punda ili watu waone kwa macho yao umaskini wa usiku ule. Makanisa ya Alpi yaliipenda desturi hiyo sana. Kisha, katika miaka ya 1780, Kaisari Joseph wa Pili, aliyetaka dini isiyo na mapambo, akapiga marufuku mapango makanisani. Sanamu zikatoka kanisani zikaenda kwa watu. Wakulima, wakataji miti na wachimba chumvi wakaziweka pembeni mwa vyumba vyao, na zilipoharibika wakachonga nyingine. Amri ilipolegea, watu walikuwa wameshazoea kuwa na Betlehemu yao nyumbani.

Hakuna mahali pa kuona hilo vizuri kama Ebensee, ncha ya kusini ya ziwa jirani, Traunsee, ambalo kina chake cha mita 191 ndicho kikubwa kuliko vyote nchini Austria. Nilikwenda huko mwanzoni mwa Januari. Ebensee ni mji wa chumvi. Maji ya chumvi yaliletwa kutoka migodi ya Hallstatt kwa bomba la kilomita 40 lililokamilika mwaka 1607, nalo lilikuwa bomba la miti: magogo yapatayo 13,000, kila moja limetobolewa katikati kwa keekee ndefu, yakaunganishwa ncha kwa ncha kufuata miinamo ya milima. Mtu anayejua kutoboa gogo bila kulipasua anaujua mti kwa ndani. Wanaume hao walipofungiwa na theluji, jioni ikianza alasiri, walishika visu. Mafunzo ya darasani yalikuja baadaye: Hallstatt ilipata shule yake ya kuchonga mwaka 1873, na Brienz, mji wa ziwa huko Uswisi, mwaka 1884. Shule zote mbili zingalipo na vijana bado wanasoma humo. Lakini Ebensee walichonga kwanza kwa sababu walikuwa na mti, giza na muda.

Baada ya Krismasi, hadi sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni tarehe 2 Februari, familia nyingi za Ebensee hufungua milango yao ili yeyote aje kutazama pango. Hulipi, wala hununui. Unabisha hodi, unakung'uta theluji viatuni, unaingia. Katika nyumba niliyoingia, pango lilichukua upande mzima wa chumba. Lilikuwa mlima. Kuvumwani iliyookotwa msituni wakati wa vuli ilifanya malisho, magome ya miti yakafanya majabali, na juu kabisa, badala ya vilima vya Yudea, kulikuwa na milima ya Ebensee yenyewe. Sanamu zilikuwa zaidi ya mia mbili. Mwanamke amebeba kikapu cha mayai. Mwindaji na mbwa wake. Mkata miti ameweka msumeno begani. Mtoto anamvuta babaye koti, anataka naye aende. Wote wanateremka kuelekea kibanda kimoja kidogo chini kushoto, na ilinichukua muda kukiona, kwa kuwa hakikuwekwa katikati.

Mama mwenye nyumba alinionyesha mikono mbalimbali. Hawa wenye shingo fupi ni wa babu wa babu yake. Hawa wenye migongo iliyonyooka ni wa shemeji yake, aliyekuwa fundi wa mitambo kiwandani. Kondoo huyu mwenye miguu mitano ni wa mwanawe alipokuwa na miaka tisa, na hakuna aliyefikiri kumwondoa. Upande wa kulia, chini ya jabali, niliona sehemu ya kuvumwani tupu, upana wa sahani. Nilidhani sanamu zimeanguka. Hapana, alisema, hapo hakuna mtu bado. Kila mwaka wakilipanga upya pango huacha mahali.

Nilikuwa na kondoo mfukoni. Jioni ya mwisho St. Wolfgang nilitaka kununua familia nzima takatifu, na fundi alinizuia. Pango halinunuliwi lote kwa siku moja, alisema. Ukilinunua lote, mwakani utakuja kufanya nini? Akaniuzia kondoo mmoja wa msonobari wa Zirbe, amelala, kichwa amekigeuzia nyuma kama aliyesikia kitu. Tumboni, mahali ambapo hakuna mtu angepaona, mikato ilikuwa safi sawa na ya usoni. Nilikuwa nikimbeba tangu siku hiyo kwa ajili ya harufu yake.

Mama yule aliponiuliza kama nami nina pango, nilimtoa. Alimpeleka dirishani, akamtazama tumboni kwanza, halafu mgongoni, halafu usoni, kwa mpangilio huo. Akamwinua karibu na pua akanusa. Kisha, bila kusema kitu, akamweka kwenye ile sehemu tupu chini ya jabali. Alisogea nyuma hatua mbili, nami nikasogea. Akarudi, akamsukuma mchungaji wa jirani upana wa nusu kidole, ili kondoo apate nafasi ya kutazama nyuma. Tukasimama hapo kidogo, wengine walioingia wakasimama pia, na kwa muda huo kondoo wangu alikuwa mmoja wa kundi lililoanza safari kabla ya babu wa babu yake.

Aliponirudishia, hakumrudisha mchungaji alipokuwa. Kondoo sasa yupo juu ya meza ninapoandikia, peke yake, na kwenye ubavu wake kumenasa uzi mmoja wa kuvumwani wa Ebensee. Sijauondoa.